Sauti Iliyotoka Jikoni

Teresiah alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake mtaani Maringo, anachambua maharagwe, wakati mjukuu wake Tiffany alipomletea simu mpaka karibu na pua.

"Shosho, cheki hii. Si huyu ni Roseline wa hapo nyuma?"

Teresiah hakupenda kuletewa vitu mpaka puani. Alisukuma simu nyuma kidogo, akavaa miwani yake, akaangalia kama mtu anayekagua nyama kabla ya kulipa. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa ukuta. Ukuta wa samawati, na kalenda imening'inia kwa msumari uliopinda. Akaujua ule msumari. Aliyeupinda alikuwa marehemu mume wake Mugo, aliyekuwa fundi hodari wa kukata viatu vya tairi pale sokoni Kariokor lakini hakuwahi kupigilia msumari ukaingia sawa. Ile ilikuwa sebule yake mwenyewe, hii iliyo nyuma ya mgongo wake, miaka thelathini na sita iliyopita.

Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Katikati yao, kwenye kiti cha mbao, alikuwa Wesonga na gitaa lake lenye ufa, shati limemshika mgongo kwa jasho. Alikuwa akicheka. Wesonga aliyezikwa mwaka wa tisini na nne alikuwa akicheka ndani ya simu ya Tiffany.

Na kando yake, karibu kiasi kwamba goti liligusa gitaa, alikuwa amekaa Roseline kwa gauni la njano.

Wesonga akaanza kuimba. "Nipokee ndoo, mama, mkono umechoka." Na sauti ya mwanamke ikamjibu kwa juu, laini, haina haraka, "Weka chini, weka chini upumzike." Midomo ya Roseline ilikuwa ikienda na maneno hayo, neno kwa neno.

"Manze, Roseline alikuwa na sauti!" Tiffany akasema. "Watu laki mbili wameshaiona. Wengine wanaandika eti wamelia."

Teresiah akavua miwani. Akarudi kwa maharagwe yake. Alichambua yale maharagwe mpaka akaanza kutupa mazima na kuweka mabovu.

Sauti ile ilikuwa yake yeye Teresiah.

Teresiah alizaliwa Murang'a, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Mugo, akaja Nairobi mwaka wa sabini na sita akiwa na sanduku moja na mtoto tumboni. Mtoto huyo alikuwa Mbugua, na tangu siku aliyozaliwa mtaa mzima ulimwita mama yake Mama Mbugua. Alifuma vitambaa vya makochi, akasomesha watoto wanne, akazika mume. Hakuwahi kuomba chumvi kwa jirani. Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote hakikuwa kwenye hayo. Ilikuwa sauti ya pili. Alifundishwa na mwalimu wa kwaya huko kwao, kwamba sauti ya kwanza inaimbwa na yeyote mwenye koo, ila sauti ya pili inataka mtu mwenye masikio.

Wesonga alipohamia nyumba ya ubavuni, akifanya kazi kiwandani mtaa wa Baba Dogo, aligundua jambo hilo kwenye foleni ya bomba. Yeye alikuwa anapiga mluzi wimbo ambao haujapata maneno, na nyuma yake mwanamke mwenye ndoo mbili akaingia na sauti ya pili bila kuombwa. Wesonga akageuka. "Mama Mbugua, hiyo umeitoa wapi?" Akamjibu, "Songa mbele, foleni inaenda." Wimbo wa ndoo ulizaliwa pale, kwenye tope la bomba. Kwa miaka mitatu waliurudiarudia, yeye akifua, Wesonga amekaa kwenye ngazi na gitaa. Hakukuwa na mambo mengine kati yao, na aliyedhani yapo aliambiwa na Mugo mwenyewe akachunge nyumba yake.

Kwa hiyo Jumapili ile ya Agosti, mwaka wa themanini na tisa, Wesonga alipokuwa akiagwa kwenda kazi Mombasa, kila mtu alijua sherehe itakuwa kwa nani na nani ataimba na nani. Patrobas, mpiga picha wa harusi, alipita na kamera yake kubwa ya kubeba begani. Alisema kanda aliyotumia harusini jana yake imebaki dakika kadhaa, na ni hasara kuzitupa. Teresiah alikuwa amepiga pasi gauni. Alikuwa na stovu ya kupampu jikoni na chapati za watu arobaini, lakini alipanga zikibaki chache ajifute unga, atoke, akae kwenye kigoda kilichowekwa kando ya gitaa.

Alipofungua pazia la jikoni, Roseline alikuwa ameshakikalia.

Wesonga alimwita. "Mama Mbugua, njoo huku!" Na yeye akajibu, "Nani atapika? Imbeni, nitaitikia nikiwa hapa." Akarudisha pazia. Hivyo ndivyo alivyoimba wimbo wake mwenyewe akigeuza chapati. Hiyo picha ya kigoda na gauni la njano aliibeba miaka yote hiyo. Kigoda chenyewe ndicho alichokuwa amekalia sasa akichambua maharagwe.

Wiki iliyofuata haikuwa wiki, ilikuwa adhabu. Watoto wa shule walianza kumwita Roseline "Mama Ndoo". Wakapita vijana wa redio na vipaza sauti vyao, wakauliza nyumba ya Mama Ndoo, na wakaelekezwa huko nyuma wakipita mlangoni pa Teresiah, wakamsalimu kama wanavyosalimiwa wazee wasiojulikana. Kanisani, mama mchungaji alimsimamisha Roseline, wakampigia makofi. Teresiah alipiga makofi matatu akaacha.

Hata Magan, mwenye duka la pembeni, alimpimia sukari akiwa na tabasamu. "Mama Mbugua, na wewe ulikuwepo ile siku Mama Ndoo aliimba?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukuonekana?"

"Nilikuwa nawapikia."

"Aa. Kazi muhimu pia," Magan akasema, kwa wema kabisa, na wema huo ulimchoma kuliko tusi.

Alikutana na Roseline kwenye kamba za nguo. Roseline alikuwa mshonaji, mjane, mwembamba, miaka sitini na sita lakini mgongo haujapinda, na hilo pia Teresiah hakulipenda.

"Naona umekuwa nyota," Teresiah akasema, akikamua shuka ambayo ilishakamuliwa.

"Nyota gani, Mama Mbugua. Vijana wanajifurahisha."

"Wakikuuliza kama ni wewe unaimba, unawaambia nini?"

"Nawaambia tulikuwa wengi."

"Wengi! Sasa wengi walikuwa na koo moja?"

Roseline akabana kibanio. Akabana cha pili. "Kama unataka kuwaambia, waambie. Mimi sijakuziba mdomo."

Akachukua beseni lake, akaondoka bila haraka. Teresiah alibaki na shuka mkononi, na wivu umemkaba kama kipande cha muhogo mkavu. Angeambia nani? Angesema nini? Bibi wa miaka sabini azunguke mtaani akiambia watu, ile sauti si yake, ni yangu? Wangemhurumia. Wangesema Mama Mbugua ameanza kuzeeka vibaya.

Akamwuliza Tiffany nani aliyeiweka ile picha huko ilikotoka. Tiffany akatafuta. Ilikuwa imewekwa na msichana anayeitwa Lorraine, mwenye kibanda Kariokor, kazi yake kuchukua kanda za video za zamani na kuzigeuza ziingie kwenye simu. Alikuwa mtoto wa marehemu Patrobas.

Kesho yake asubuhi Teresiah alivaa koti lake la kanisani akaenda. Kariokor alikujua kwa harufu. Alipita mafundi wa viatu vya tairi, wawili watatu wakamkumbuka Mugo, wakamsalimu vizuri, akajisikia mtu tena. Kibanda cha Lorraine kilikuwa mwisho, kimejaa kanda nyeusi mpaka juu.

"Nimekuja kwa sababu ya ile picha ya Wesonga," Teresiah akasema akiwa bado amesimama. "Ile sauti ya mwanamke ni yangu."

Lorraine alikuwa msichana wa adabu. Alimpa kiti kwanza. "Shosho, usinichukulie vibaya. Wewe ni mama wa nne kuja kusema hivyo."

"Wa nne!"

"Mmoja alisema aliimba akiwa nje dirishani."

"Dirishani kulikuwa na jirani yetu Aloisi na ndugu zake watatu, na hakuna hata mmoja aliyejua kuimba," Teresiah akasema. "Baba yako alifika na shati la kijani, akaomba chai isiyo na maziwa kwa sababu tumbo lilimsumbua. Kipaza sauti chake alikitundika kwenye msumari wa pazia la jikoni. Alisema kikikaa karibu na gitaa kinanguruma."

Lorraine akamtazama upya. Akavuta kanda moja kutoka kwenye rafu. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya Patrobas: *Harusi ya Nabiswa, kanda ya tatu.* Nabiswa alihama kabla ya kuichukua, kwa hiyo ilikaa kwenye sanduku, na nani angefungua harusi ya mtu asiyemjua akatazame mpaka mwisho? Lorraine mwenyewe aliiweka mashineni ili apate kitu cha kuwaonyesha wateja, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta bi harusi ameisha na Wesonga anakaza nyuzi.

"Niliweka dakika nne tu," akasema. "Nilikatia hapo. Mbele yake kuna mtu anaongea vibaya, nikaona haifai."

"Weka yote."

Lorraine akaweka.

Teresiah alikuwa mtu wa kumbukumbu. Angeweza kukwambia bei ya mkate mwaka aliofika Nairobi, na nani alivaa nini kwenye mazishi ya nani. Kuhusu Jumapili ile alikumbuka kila kitu, isipokuwa sentensi moja.

Kwenye kioo wimbo ulikuwa umefika ubeti wa pili. Sauti ya juu ikakatika ghafla. Ukasikika mvumo wa stovu ukishuka, moto unaisha nguvu. Kisha sauti ile ile, bila wimbo sasa, kavu, karibu kama imesemwa sikioni:

"Angalia maajabu. Sisi tunaoitwa mama fulani tuko jikoni. Wa kuitwa kwa jina la ubatizo ndiye ana nafasi ya kukaa na magitaa."

Mwanamke mwingine jikoni akacheka. Ikafuata pampu ya stovu, chwii, chwii, chwii, mara sita, moto ukavuma tena, na sauti ikarudi kwenye wimbo pale pale palipotakiwa, haijapoteza hata pigo moja. "Weka chini, weka chini upumzike."

Na muda wote huo, hapo sebuleni, midomo ya Roseline iliendelea kusogea. Maneno yote ya mstari ambao haukuwa na mwimbaji. Hakuruka hata moja.

Lorraine alisimamisha picha. Aliangalia kioo, akamwangalia Teresiah. "Ni wewe," akasema. "Hata unavyosema 'angalia'."

Teresiah alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Shosho, hapa peke yake ndipo panapoonyesha. Kwingine kote mdomo na sauti vinaenda pamoja, hakuna atakayeamini. Nikiweka hapa, hata mtoto ataona kwamba huyu mama haimbi. Lakini na maneno yatasikika."

"Huwezi kuyakata ukaacha pampu?"

"Picha itaruka. Watasema nimeichezea, na hutaaminika tena." Lorraine akasita. "Yana maana gani, hayo maneno? Mimi niliona ni ya dharau tu."

Teresiah hakumjibu hapo. Lakini njiani kurudi alijijibu, hatua kwa hatua, mpaka viatu vikamwuma. Mwezi wa Mei mwaka ule Roseline alizaa mtoto msichana, akaitwa Aloo. Mtaa mzima ukaanza kumwita Mama Aloo, jinsi inavyofanywa, hata Teresiah alimpelekea uji na kumwita hivyo akiwa mlangoni. Mtoto aliishi siku kumi na tisa. Baada ya mazishi watu walirudi kumwita Roseline, polepole, mmoja mmoja, kama wanaochukua beseni walilomwazima. Hakupata mtoto mwingine. Na Agosti, miezi mitatu tu baadaye, Teresiah akasema yale, kwa sababu ya kigoda.

Ungedhani wivu ungeisha hapo. Haukuisha. Uliota meno. Sasa alikuwa na ushahidi kamili na hawezi kuutoa bila kujivua nguo mbele ya watu laki mbili. Alimwona Roseline akipita na vijana wakimbebea mfuko, Mama Ndoo huku, Mama Ndoo kule, na akasema moyoni, hata jina la mama amelipata kwa koo langu. Halafu akaona aibu kwa kulisema. Halafu akalisema tena.

Siku ya Jumanne Tiffany akaja na habari mpya. "Shosho, kuna studio Baba Dogo wanataka kurekodi ule wimbo upya. Sauti ya Wesonga wataitoa kwa kanda, na Mama Ndoo aimbe live. Jumamosi!"

"Roseline aimbe?"

"Eee. Amekubali. Ama hajakataa. Ukimwuliza anacheka tu."

Teresiah hakulala mchana ule kama kawaida yake. Jumamosi Roseline angesimama mbele ya kipaza sauti afungue mdomo, na kila mtu angejua. Teresiah angekaa tu kitini, asifanye chochote, ushindi umjie wenyewe. Aliutazama ushindi huo kwa muda mrefu. Ulikuwa mtamu. Lakini alikuwa na kiburi chake, na kiburi hicho kilimwambia kwamba Mama Mbugua hajawahi kumpiga mtu akiwa amempa mgongo. Kama ni kumwangusha Roseline, atamwangusha wakitazamana.

Alimwita Lorraine aje Alhamisi na mashine yake. Akamtuma Tiffany kwa Roseline.

Roseline alikuja saa tisa alasiri, amejifunga leso safi. Alipoona kompyuta juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, akajua. Alikaa kwenye kochi, mikono magotini. Ukuta ulikuwa umepakwa krimu sasa, lakini msumari uliopinda ulikuwa pale pale.

"Nimepata kanda nzima," Teresiah akasema. "Nimeona ni haki uione kabla ya wengine."

"Haki," Roseline akasema. "Haya, weka."

Lorraine akaweka. Wesonga akacheka, akakaza uzi, akaanza. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ulipoanza, Roseline aliinua kidole kimoja.

"Hapo. Sasa anakuja."

Sauti ikakatika. Na Roseline, akiangalia kioo, akayasema yale maneno pamoja na kanda, chini kwa chini, bila kukosea neno. Sisi tunaoitwa mama fulani tuko jikoni. Wa kuitwa kwa jina la ubatizo. Mpaka mwisho. Hata alisubiri pampu mara sita, akitingisha kichwa, chwii, chwii.

Lorraine alizima. Hakuna aliyemwambia, alizima tu.

"Ulisikia," Teresiah akasema.

"Mama Mbugua, nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye pazia. Ulifikiri pazia ni ukuta?"

"Na mdomo? Mbona uliendelea kusogeza mdomo?"

"Ungetaka ninyamaze? Watu wageuke waulize Roseline amekuwa nini?" Alinyoosha leso juu ya goti. "Maneno niliyajua. Pumzi ndiyo sikuwa nayo. Nikasogeza mdomo mpaka wimbo ukaisha."

Nje mtu alikuwa akipita akiuza mboga, anaita, hakuna aliyetoka.

"Hukupaswa kukalia kile kigoda," Teresiah akasema. Ilimtoka yenyewe. Miaka thelathini na sita ilikuwa imesimama mlangoni ikisubiri kutoka, na ndiyo hiyo ikatoka, kitu kidogo namna hiyo.

Roseline akamgeukia. "Ndicho ulichokuwa umekikasirikia wewe? Kigoda?" Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nataka kurudi kwangu, kwa sababu kulikuwa na watoto wachanga wawili mle ndani na sikuweza kustahimili kuwasikia wakilia. Mugo wako akanishika mkono. Akaniambia, shemeji, usiende kukaa peke yako, kaa hapa mbele, gitaa litawafunika. Ndiye alinikalisha."

Teresiah hakujua hilo. Mugo hakuwahi kumwambia. Mugo, aliyemwambia hata ndoto zake. Na hapo hapo, katikati ya aibu yake, akaona wivu mpya ukichipuka, kwamba mume wake alikuwa na jambo zuri alilofanya na akalifanyia mwingine, kimya.

"Na hili la Mama Ndoo," akasema, akikaza sauti. "Kwa nini uliwaacha?"

"Kwa sababu kuna 'mama' ndani yake," Roseline akasema.

Teresiah aliinuka kwenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Alisimama nyuma ya pazia. Lilikuwa pazia jingine, lakini fimbo yake ilikuwa ile ile. Aliporudi alisimama mbele ya Lorraine. "Kata hicho kipande. Kitupe. Iendelee kuwa sauti yake."

"Usikate kwa ajili yangu," Roseline akasema haraka. "Unataka Jumamosi nikafungue mdomo utoke upepo? Nimecheka wiki mbili kwa sababu sijui pa kutokea. Mimi siimbi, Mama Mbugua. Sijawahi. Chukua sauti yako."

"Nikiichukua watasikia niliyosema."

"Mimi nilishasikia."

Lorraine aliwatazama kama anayeangalia mpira unavyokwenda huku na huku. Teresiah akakaa chini. Alijiona jinsi watu watakavyomwandika, na alijua majina watakayompa. Lakini pia alisikia ile sauti ya juu, laini, ya mwanamke wa miaka thelathini na nne ambaye hakuna kanda nyingine duniani iliyomnasa.

"Weka yote," akasema. "Sauti ni yangu, na maneno ni yangu. Siwezi kudai moja nikakana jingine."

Lorraine alipofunga mashine yake akaondoka, walibaki wawili na birika. Teresiah akamimina.

"Vijiko vingapi, Mama Aloo?"

Mkono wa Roseline ulisimama juu ya kikombe. Jina hilo halikuwa limesemwa mle ndani tangu Mei ile. "Miaka yote hii jirani yangu," akasema hatimaye, "na hujui sukari yangu? Viwili. Na usijaze sana, nina ugonjwa."

Kanda iliwekwa Ijumaa. Kufikia jioni watu walikuwa wamegawana. Wengine walisema sauti ile ya jikoni ni ya malaika, wengine wakasema malaika gani mwenye ulimi wa aina hiyo. Tiffany alimsomea bibi yake machache akaruka mengi. Lakini waliokuwa wengi kuliko wote, maelfu kwa maelfu, hawakumzungumzia Teresiah kwa zuri wala kwa baya. Walimzungumzia Roseline. Angalia alivyojikaza. Angalia hiyo midomo. Huyo ndiye mama wa nguvu. Mama Ndoo, tunakupenda.

"Bado wanamwita hivyo?" Teresiah akauliza.

"Jina limeshashika, Shosho."

Dukani, Magan alimpimia sukari bila tabasamu. "Mama Mbugua. Kumbe ni wewe. Sauti nzuri. Mdomo mbaya."

"Nusu kilo," Teresiah akasema, "na usipunje."

Jumamosi vijana wa studio walikuja kuwachukua wote wawili, kwa sababu Roseline alisema haendi peke yake na Teresiah akasema yeye ndiye haendi peke yake. Studio ilikuwa chumba kidogo nyuma ya ghala, kuta zimefunikwa magodoro. Walimwingiza Teresiah ndani, wakamvisha vitu vya masikioni. Alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi. Roseline alikaa upande wa pili wa kioo, na vijana wanne, na Lorraine.

Gitaa likaanza ndani ya kichwa chake. Kisha Wesonga, karibu, hai, bila Mombasa, bila kaburi, akamwomba yeye na si mwingine: nipokee ndoo, mama, mkono umechoka.

Teresiah aliitikia. Sauti ilikuwa imekauka pembeni, na juu kabisa ilipasuka kidogo, lakini masikio yalikuwa yale yale, na iliketi pale ilipotakiwa kuketi. Aliimba ubeti wote akiwa amefumba macho. Alipofumbua, alitazama kwenye kioo aone wamempokea vipi.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Huko ng'ambo Roseline alikuwa ameanza kusogeza midomo, neno kwa neno, bila sauti, machozi yanamtiririka kwenye mashavu, na vijana wote wanne walikuwa wamemgeukia yeye, mmoja ameinua simu anampiga picha.

Teresiah aliona. Akaudhika sana. Akavuta pumzi, akaingia ubeti wa pili.